Tulikodi basi la harusi hadi Moshi, sasa mwenye basi anadai nyongeza ya 900,000

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya ndugu yetu, na ninaishi Mbagala, Dar es Salaam. Kamati ilinipa jukumu la kutafuta basi la kuwapeleka Moshi ndugu wa upande wa bwana harusi, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Nilipata basi la viti 51 kwa mtu anayemiliki mabasi mawili, tukaelewana kwa simu, kisha akaniandikia ujumbe huu: "Dar–Moshi kwenda na kurudi, Ijumaa hadi Jumapili, 3,600,000, mafuta na dereva juu yangu." Nililipa nusu siku hiyo hiyo na nusu nyingine asubuhi ya safari, pamoja na shilingi 300,000 za dhamana ya uharibifu ambazo aliahidi kuzirudisha basi likikabidhiwa salama. Hatukuandikiana mkataba mwingine.

Tuliondoka Ijumaa saa 12 asubuhi tukafika Moshi saa 10 jioni. Ibada ya Jumamosi ilikuwa Marangu na sherehe ilikuwa Moshi mjini, kwa hiyo basi lilitupandisha Marangu, likaturudisha mjini, na baada ya sherehe likazunguka kuwashusha watu katika nyumba za wageni hadi saa 9 usiku. Kadi ya mwaliko inayotaja kanisa la Marangu nilimtumia mwenye basi, ila ilikuwa wiki moja baada ya kulipa nusu ya kwanza. Jumapili tulipanga kuondoka saa 12 asubuhi, lakini dereva, ambaye alikuja yeye na utingo tu, alisema hawezi kushika usukani bila kulala, tukaondoka saa 6 mchana. Karibu na Korogwe tairi lilipasuka, na kwa kuwa tairi la akiba halikufaa, tulikaa saa nne tukisubiri lingine. Tulishuka Mbagala saa 8 usiku wa kuamkia Jumatatu.

Lipo pia suala la idadi. Siku ya kwenda walitokea ndugu sita ambao hawakuwa kwenye orodha, wawili kati yao watoto. Utingo aliwapokea, akachukua shilingi 20,000 kwa kila mmoja, akawaketisha juu ya kreti kwenye njia ya katikati ya viti. Karibu na Same askari wa usalama barabarani walitusimamisha na dereva akaandikiwa faini.

Sasa mwenye basi anadai 250,000 kwa mizunguko ya Jumamosi, 600,000 kwa kile anachokiita siku ya nne, 200,000 kwa kusafisha vitambaa vya viti vilivyoingia utomvu wa ndizi na kubadilisha egemeo moja la mkono lililovunjika, na 150,000 za faini. Jumla ni 1,200,000. Akikata ile dhamana anasema tumlipe 900,000. Kamati imekwisha kufunga hesabu. Baba mdogo wa bwana harusi ananishuku kwamba nimekula njama na mwenye basi, na wajumbe wengine wananishauri nisipokee tena simu zake. Wakati huo huo ukoo unataka nitafute basi jingine la kwenda Moshi wakati wa Krismasi. Je, kweli tunadaiwa? Na basi la kukodi lina kanuni gani?

Katibu wa Kamati, Mbagala

JIBU

Ndugu Katibu,

Pokea simu zake, kwa sababu sehemu ndogo ya madai yake ni ya haki, na mtu mwenye hoja nzuri kama wewe hana sababu ya kujificha. Kwa maelezo uliyotoa, hamdaiwi 900,000. Ninavyoona mimi, gharama zinazowahusu ni karibu 230,000, nazo zinatoshelezwa na dhamana aliyonayo mkononi, hivyo yeye ndiye anayepaswa kuwarudishia takribani shilingi 70,000. Nitakueleza nilivyofika hapo, kwa sababu kamati itataka kusikia sababu, na baba mdogo zaidi ya wote.

Kwanza, mkataba mnao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo, na ujumbe wa simu alioutuma yeye mwenyewe ni ushahidi unaokubalika tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Ujumbe huo, ingawa ni mfupi, umetaja mambo manne yenye uzito: njia, siku, bei, na kwamba mafuta na dereva ni juu ya mwenye basi. Asirudi leo kuyatafsiri upya kwa namna inayomfaa yeye peke yake, nanyi pia msidai kwamba ujumbe huo uliahidi jambo ambalo haukulitaja.

Kabla ya kupima madai, ni vizuri kamati ielewe bei ya kukodi hutoka wapi, maana nahisi tuhuma dhidi yako zimeanzia hapo. Nauli zinazopangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, ni za abiria mmoja mmoja katika njia zenye ratiba. Bei ya kukodi basi zima hutokana na mapatano. Hata hivyo nauli hizo zinafaa kuwa kipimo. Desemba 2023 nauli ya juu ya basi la daraja la kawaida katika barabara ya lami ilipangwa kuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni karibu kilomita 560, kwa hiyo kiti kimoja ni takribani shilingi 27,000, na viti 51 kwenda na kurudi ni karibu 2,770,000. Ninyi mlilipa 3,600,000. Tofauti ya karibu 830,000 ndiyo bei ya basi kulala Moshi usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi bila kuingiza nauli nyingine, pamoja na posho na malazi ya wafanyakazi wake. Bei hiyo haikuwa ya kuwaonea, wala si bei ya mtu aliyepewa chochote ili anyamaze. Ipeleke hesabu hii mbele ya kamati kama ilivyo.

Sasa tuingie katika siku ya nne, ambayo ndiyo nusu ya madai yote. Ni kweli basi lilifika Jumatatu, saa mbili baada ya usiku wa manane, na ni kweli kwamba katika biashara hii siku ya ziada hulipiwa. Lakini Sheria ya Mikataba, katika kifungu cha 73, inatoa fidia kwa hasara iliyosababishwa na upande uliovunja makubaliano. Basi tuulize ni nani aliyesababisha basi lifike Jumatatu. Mwendo wa juu wa basi nje ya makazi ni kilomita 80 kwa saa, na kati ya Segera na Himo kuna vijiji na miji mingi ambako ni lazima kushuka hadi 50, kwa hiyo saa 10 mlizotumia Ijumaa ni muda halisi wa safari hiyo. Mliondoka Moshi saa 6 mchana. Ukiongeza saa 10 unapata saa 4 usiku wa Jumapili, ndani ya siku mlizolipia. Kilichowavusha hadi Jumatatu ni saa nne za kusubiri tairi, na tairi la akiba ni wajibu wa mwenye basi kwa asilimia mia moja. Hata pasingekuwa na hoja nyingine yoyote, dai hili lingeangukia Korogwe.

Hoja nyingine ipo, tena ndiyo inayonisumbua zaidi kuliko fedha. Safari iliyowachukua saa 10 ilikuwa na dereva mmoja. Kanuni za leseni za usafirishaji wa abiria zinataka basi la safari inayozidi saa nane liwe na madereva wawili. Mwenye basi alijua umbali, alijua basi litafanya kazi Jumamosi usiku, lakini akamtuma mtu mmoja ambaye Jumamosi aliendesha hadi saa 9 usiku kisha akatarajiwa kushika usukani tena saa tatu baadaye akiwa na roho za watu hamsini na zaidi nyuma yake. Dereva huyo alipokataa, alifanya jambo la heshima kubwa, na ningependa kamati imshukuru kwa jina mbele ya mwajiri wake. Najua wapo waliokasirika siku hiyo kwa sababu walikuwa na kazi Jumatatu asubuhi. Hasira hiyo ilipaswa kwenda kwa aliyepanga safari. Angekuwapo dereva wa pili aliyelala, mngeondoka alfajiri na kufika Mbagala saa 10 jioni. Nasema hivi pia kwa sababu tangu Oktoba 2023, LATRA iliporuhusu mabasi yenye vibali kusafiri usiku, baadhi ya watu wanadhani kwamba basi linaweza kutembea saa zote bila masharti. Kibali cha usiku hakimwondolei dereva haja ya kulala.

Kuhusu mizunguko ya Jumamosi, hapa mwenye basi ana haki kiasi. Mlipopatana bei, ujumbe ulisema Moshi, na kadi iliyotaja Marangu ilimfikia bei ikiwa imekwisha kufungwa. Alikuwa na nafasi ya kukupigia simu na kusema kuna nyongeza, naye hakufanya hivyo, lakini kunyamaza kwake si sawa na kukubali kwamba basi litapanda mlima bure. Jambo la busara ni kulipa gharama yake halisi. Kutoka Moshi mjini hadi Marangu ni karibu kilomita 40, hivyo kwenda na kurudi, pamoja na kuzungusha watu usiku, ni kama kilomita 90. Basi kubwa hutumia kati ya lita 30 na 35 kwa kilomita 100. Kwa sababu ya mwinuko wa kutoka Himo kwenda juu, tumpe lita 35 kamili. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya dizeli Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, nawe utafute ile ya mwezi wa safari. Kwa mfano wa shilingi 3,000 kwa lita, mafuta ni 105,000. Ongeza posho ya dereva na utingo kwa kazi ya usiku, tuseme 45,000. Hiyo ni 150,000. Akisisitiza 250,000, mwombe taarifa ya mfumo wa LATRA wa kufuatilia mwenendo wa magari, ambao huonyesha basi lilipita wapi, kwa mwendo gani na lilisimama muda gani. Kama kilomita zilikuwa nyingi kuliko nilivyokadiria, taarifa hiyo itasema, na kama zilikuwa chache itasema vile vile. Taarifa hiyo hiyo itaonyesha saa nne za Korogwe.

Utomvu wa ndizi hautoki kirahisi, na mikungu ilipaswa kuwekwa kwenye buti, si juu ya viti. Lipeni gharama ya kusafisha mkionyeshwa risiti. Nimeikadiria kuwa 80,000, lakini risiti ndiyo yenye neno la mwisho. Egemeo la mkono ni jambo tofauti: hakuna aliyelikagua basi nanyi kabla ya kuondoka, hakuna picha, na basi linalobeba abiria kila wiki huwa na maegemeo mengi yaliyochoka. Asiyeweza kuonyesha kwamba kitu kilikuwa kizima alipokikabidhi hawezi kudai kwamba ninyi ndio mliokivunja.

Nimeacha suala la abiria sita hadi hapa kwa makusudi, kwa kuwa nataka ulisome ukiwa umekwisha kutulia kuhusu fedha. Faini hamdaiwi. Dereva na mmiliki ndio wenye leseni, ndio wanaojua idadi ya viti iliyoandikwa humo, na utingo, ambaye ni mfanyakazi wa mwenye basi, aliwapokea watu hao na kuchukua shilingi 120,000 kutoka kwao. Haiwezekani upande mmoja upokee nauli ya kosa kisha uupelekee upande wa pili faini ya kosa hilo hilo. Aidha, faini halali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali na huwa na risiti. Kama hana risiti ya 150,000, hata kiasi chenyewe hakijulikani kimetoka wapi.

Pamoja na hayo, watoto wawili walisafiri kilomita 560 wakiwa juu ya kreti. Breki zikifungwa kwa ghafla, mtu aliyeketi kwenye njia ya katikati hana mkanda, hana kiti cha mbele cha kumzuia, na humwangukia mwenzake. Njia hiyo ndiyo njia ya kutokea moto ukiwaka au basi likilala ubavu, na ikizibwa na kreti na mikungu ya ndizi, walioketi nyuma wanafungiwa humo. Naelewa ugumu wa kumwambia shangazi aliyefunga safari kutoka Kisarawe kwamba nafasi hakuna, tena alfajiri, mbele ya ndugu wote. Lakini kiongozi wa msafara ndiye mwenye sauti pekee ambayo utingo ataisikiliza, kwa kuwa utingo ana sababu ya fedha ya kukubali na jamaa wana sababu ya undugu ya kuomba. Shangazi anaweza kukatiwa tiketi katika basi la ratiba asubuhi hiyo hiyo, na kamati ikamrudishia nauli yake baadaye.

Nenda sasa kwa mwenye basi, na uende na baba mdogo. Yeye anayekushuku akisikia mazungumzo kwa masikio yake mwenyewe, jambo hilo litakwisha bila wewe kujitetea. Chukueni nakala ya ule ujumbe wa simu, uthibitisho wa malipo yote matatu, na karatasi moja yenye hesabu niliyoionyesha hapo juu. Ombeni pia risiti ya mashine ya kodi (EFD) ya 3,600,000, ambayo ni haki yenu na ambayo kamati itaihitaji katika hesabu zake. Zungumzeni kwa upole. Mtu mwenye mabasi mawili anaishi kwa sifa yake, na huenda amepata hasara ya kweli ya tairi ambayo anatafuta pa kuitua. Akikataa kabisa, malalamiko yapelekwe kwa maandishi katika ofisi ya LATRA, na mnaweza kupata msaada wa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini. Mahakama ya Mwanzo nayo husikiliza madai ya kiasi hiki, ingawa kwa shilingi 70,000 sioni kwamba ukoo utafaidika kwa kufika huko.

Ama kuhusu Krismasi, anza mapema, kwa maana Desemba si mwezi wa kawaida katika barabara ya Kilimanjaro. Karibu kila mwenye asili ya huko anataka kuwa nyumbani, mabasi hupanda yakiwa yamejaa na kurudi Dar es Salaam karibu matupu, kisha mwanzoni mwa Januari hali hugeuka. Mwenye basi atakayewapeleka tarehe 22 na kuwasubiri hadi tarehe 2 atawatoza siku zote hizo. Mara nyingi ni nafuu kupatana safari mbili za upande mmoja, tena wakati mwingine kwa wamiliki wawili tofauti, mradi mlipe safari ya kurudi amana ndogo na kupata jina na namba ya basi mapema. Wakati wa sikukuu LATRA hutoa vibali vya muda kwa magari ambayo kwa kawaida hufanya kazi mjini, kwa hiyo mtaletewa hata Coaster za daladala. Msikatae kwa sababu hiyo tu, ila omba kuona kibali chenyewe, bima iliyo hai ambayo mnaweza kuihakiki katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na namba za gari ziwe nyeupe za biashara. Gari lenye namba za njano limesajiliwa kwa matumizi binafsi, na mtu akiumia ndani yake wakati limekodiwa, kampuni ya bima itakuwa na sababu nzuri ya kukataa kulipa.

Mkataba usizidi ukurasa mmoja, lakini utaje kila mahali basi litakapokwenda, pamoja na makanisa, makaburi na nyumba za mabibi, na kiasi cha kulipa kwa kila kilomita nje ya hapo. Utaje saa ya kuondoka na saa ambayo siku ya ziada inaanza kuhesabiwa, kwa sharti kwamba kucheleweshwa na ubovu wa gari hakuhesabiwi. Utaje amana itarudishwa kiasi gani msiba ukitokea na safari ikiahirishwa, maana hilo hutokea katika kila ukoo. Orodha ya abiria iwe na majina yasiyozidi viti, watoto wakiwamo, na nakala akabidhiwe utingo kabla mlango haujafunguliwa. Zungukeni basi pamoja na dereva mkipiga picha viti, vioo, tairi la akiba na vizima moto.

Uliniuliza kanuni, hukuniuliza kama mumrudie mwenye basi yule yule, lakini nadhani litaulizwa kikaoni. Akikubali hesabu na kurudisha salio bila ugomvi, sioni ubaya wa kumpa nafasi nyingine, kwa sharti kwamba majina ya madereva wawili, pamoja na namba za leseni zao, yawe yameandikwa kwenye mkataba kabla hamjamlipa amana.